Kukata Hewa

Mkataba wa binamu yangu una kurasa sita. Kipengele kinachomnyima usingizi kiko ukurasa wa nne, na kinasema kwamba hasara yoyote itakayotokana na programu aliyoiandika yeye itakatwa kwenye malipo yake mpaka iishe. Hakuna kiwango cha juu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, ingemkinga kidogo: mwajiri anaruhusiwa kukata pesa za uharibifu pale mfanyakazi alipofanya makusudi, na makato yote yakijumlishwa hayafai kupita theluthi mbili za mshahara. Lakini yeye si mfanyakazi. Ni kibarua wa mbali, analipwa kwa kila programu, na aliyeuandika mkataba ule kwa niaba ya karakana fulani ya Industrial Area, Nairobi, alijua vizuri anachokifanya.

Programu ninazosema si zile za simu. Ni maagizo ya mashine ya kukata chuma, laini baada ya laini, herufi na namba: nenda hapa, zunguka kasi hii, badilisha kisu, rudi. Binamu anakaa Kabazi, hapa ukingoni mwa bonde la Subukia, na mashine iko zaidi ya kilomita 150 kutoka mezani kwake. Anatunga, anatuma kwa barua pepe, halafu mtu mwingine ambaye hawajawahi kunywa chai pamoja anabonyeza kitufe cha kijani. Laini moja kati ya elfu tatu ikiwa na kasoro, kisu kinaweza kuingia kwenye taya zinazoshika kazi kwa mwendo ambao mkono wa mtu hauwezi kuuwahi. Hapo ndipo ukurasa wa nne unapoamka.

Dawa ipo. Inaitwa programu ya uigaji: unaipa maagizo yako, inakuchorea mashine nzima kwenye skrini, na inaikata kazi huko kwanza. Kama kuna kugongana, kunagongana kwenye picha. Shida ni kwamba ziko nyingi, baadhi ni za bure, baadhi bei yake haitangazwi mpaka uombe kotesheni, na zote zinaahidi kitu kilekile.

Alinijia mimi kwa sababu mimi ndiye mtu wa familia anayelipwa kusoma vitu virefu na kuvifupisha. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa. Nilikuwa nasoma historia, na kilichobaki ni ile tabia ya kuuliza kitu kilitoka wapi kabla ya kuuliza kinauzwa ngapi. Kwa hivyo aliponiuliza, "Kazo, ninunue gani?" nilianza mbali.

Tuanze na lethi. Kiswahili kina neno lake zuri la kazi hiyo, kukereza, lakini huku bara tulichukua la Kiingereza tukalitia irabu mwishoni. Kwenye lethi, kazi ndiyo inayozunguka na kisu kinatulia, kinasogea taratibu tu. Ndiyo maana lethi hutoa vitu vya mviringo: shafti, bushi, puli. Kwenye milingi ni kinyume. Kisu ndicho kinachozunguka na chuma kimefungwa mezani. Hiyo hutoa vitu vya bapa, mifereji, mashimo yaliyokaa pembeni.

Mjomba wetu ana lethi ya mkanda hapa Kabazi, nzee kuliko yeye. Anakereza shafti za posho mill, bushi za trekta, na msimu wa kahawa ukifika anaokoa mashine za kumenya ambazo ekseli zake zimelika. Anafanya kazi kwa sikio. Chuma kikilia tofauti, mkono wake unarudisha kisu kabla kichwa hakijafikiria. Yeye hana haja ya uigaji wowote, kwa sababu anayepanga kazi, anayeiendesha na anayebeba hasara ni mtu mmoja mwenye ovaroli moja.

Swali langu likawa: hao watu watatu walitenganishwa lini?

Hapa kwetu, sehemu ya jibu iko kwenye reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899, Nakuru 1900, na Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Karibu watu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba, na pamoja na vibarua wa kubeba mataruma walikuwemo wahunzi, mafundi wa boila na wakerezaji. Injini ya mvuke inakula vipuri kama mbuzi kwenye shamba la mahindi, na kipuri kikiagizwa Uingereza kinakuja kwa meli. Ilibidi karakana ijengwe, na karakana ya reli Nairobi ikawa shule ya ufundi kabla hatujawa na shule za ufundi. Nakuru ikawa na bohari yake ya injini. Baadaye, miaka ya 1920, tawi lilitoka Rongai likaja hadi Solai, jirani zetu hapa, kubeba mazao ya walowezi.

Ndani ya karakana hizo kazi iligawanywa, na haikugawanywa kwa kipaji. Mzungu alichora na kusimamia, Muhindi akaendesha mashine, Mwafrika akashika taa na kupitisha vyombo. Jina la cheo hicho cha mwisho bado liko mitaani hadi leo: spana boi. Wengi walijifunza hivyohivyo, kwa kutazama kwa pembe ya jicho, na walipofungua vibanda vyao jua kali ilikuwa tayari ina walimu.

Mtengano wa pili ulitoka Marekani, na huu ndio unaomhusu binamu moja kwa moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, jamaa anaitwa John Parsons, wa Traverse City, Michigan, alikuwa na tenda ya mapanga ya helikopta. Hakuwa na digrii ya chuo. (Nimelipenda hilo, usiniulize kwa nini.) Umbo la panga la helikopta ni mkunjo unaobadilika kila hatua, na vielelezo vya kuchongea vilikuwa vikichorwa kwa mkono. Parsons na mhandisi wake Frank Stulen walichukua mashine za IBM za kadi zenye matundu, zilizotengenezwa kwa kazi za uhasibu, wakazitumia kupiga hesabu za alama nyingi kwenye mkunjo ule. Halafu wakaweka watu kwenye mashine ya milingi: mmoja anasoma namba kwa sauti, wa pili anazungusha gurudumu la mhimili mmoja, wa tatu anazungusha la mhimili wa pili. Picha hiyo huwa inanichekesha, kama kwaya inayoimba desimali. Lakini fikiria hatua inayofuata. Ukiwaondoa hao wawili na kuweka mota, unabaki na namba peke yake.

Jeshi la Anga la Marekani likampa mkataba 1949. Parsons akakipa chuo cha MIT sehemu ya kazi, na kilichofuata ni hadithi ambayo vijana wa Nairobi wanaijua vizuri: mtu wa wazo akajikuta nje ya wazo lake. MIT wakaendelea na Jeshi wenyewe, na Septemba 1952 wakaonyesha hadharani mashine ya milingi inayoendeshwa kwa utepe wenye matundu. Kabati la vifaa vya umeme lilikula nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Parsons alisubiri sana. Medali ya taifa, yeye na Stulen, waliipata 1985, na udaktari wa heshima wa Chuo Kikuu cha Michigan ukaja 1988.

Kulikuwa na njia nyingine, na ndiyo iliyonikalisha usiku. Kampuni ya General Electric, miaka hiyohiyo ya 1940, ilijaribu kurekodi. Fundi hodari anakata kipande cha kwanza kwa mikono yake, utepe wa sumaku unaandika kila mwendo, kisha mashine inarudia yenyewe. Kurt Vonnegut alikuwa akifanya kazi ya uhusiano mwema huko General Electric wakati huo, na riwaya yake ya kwanza, Player Piano, iliyotoka 1952, ina fundi ambaye mikono yake imerekodiwa na kisha yeye mwenyewe hahitajiki tena. Mwanahistoria David Noble, kwenye kitabu chake Forces of Production cha 1984, alidai kwamba njia ya kurekodi iliachwa kwa sababu ilimwachia fundi maarifa. Mabosi walitaka maarifa yahamie ofisini, yaandikwe na mtu mwingine, na fundi abaki na kitufe. Mimi namkubali nusu. Bawa la ndege lina mikunjo ambayo hakuna mkono unaoweza kuikata ili irekodiwe, na pesa zilitoka kwa watu wa ndege. Lakini nusu ninayoikubali ni nzito. Tangu hapo, anayepanga hayuko tena karibu na chuma, na hasikii kikilia.

Basi ikabidi watafute sikio la bandia. La kwanza lilikuwa kukata hewa: unaondoa kazi, au unaipandisha mashine juu kidogo, unaendesha programu nzima kisu kikicheza hewani huku umeweka kidole kwenye kitufe chekundu. Mafundi wanafanya hivyo hadi leo na hakuna aibu. La pili lilikuwa kukata nta au povu kabla ya chuma. La tatu, kuchora njia ya kisu kwa kalamu kwenye karatasi. Zote zina kasoro moja: zinakula muda wa mashine au hazionyeshi kila kitu. Karatasi haijui kwamba kuna kishikio kinene nyuma ya kisu chembamba, na kishikio ndicho kinachogonga.

Wakati huohuo lugha ya kuongea na mashine ilikuwa ikikua. Februari 1959 MIT waliita waandishi wa habari kuwaonyesha lugha ya APT, iliyosimamiwa na Douglas Ross, na kila mgeni akapewa kisahani cha majivu ya sigara cha alumini kilichokatwa kwa maagizo hayo. Msimbo wa G, huu anaouandika binamu, ulipata sura yake ya kawaida kwa kanuni ya Kimarekani iliyopitishwa 1980. Na 1988, mwaka uleule Parsons anavishwa joho Michigan, ikaanzishwa California kampuni ya CGTech, na programu yake ya Vericut: unaipa msimbo, inakuonyesha kipande kikiliwa kwenye kioo cha kompyuta. Miaka 36 baada ya utepe wa MIT, mtu wa ofisini akapata kitu kinachofanana na jicho.

Na sisi mwaka huo? Sisi tulikuwa tunatengeneza gari. Rais Moi alikuwa amekiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi, 1986, kitengeneze gari la Kenya, hata kama si la kupendeza. Magari matano ya majaribio yakajengwa, karakana za reli zikiwa sehemu ya kazi hiyo, na Nyayo Pioneer ikazinduliwa Kasarani Februari 1990. Ilifika kilomita 120 kwa saa. Watu wanapenda kuicheka, na mimi nimechoka na kicheko hicho, kwa sababu kinaruka kilichofuata. Kampuni iliyoundwa kutengeneza magari hayo kwa wingi haikupata pesa za kufanya hivyo, lakini ilibaki na mashine. Ikabadilishwa jina ikawa Numerical Machining Complex, ndani ya karakana kuu ya reli Nairobi, na kazi yake ikawa vipuri. Soma jina tena: ni kampuni ya serikali ya Kenya iliyopewa jina la ule ufundi wa namba wa Parsons. Mwaka 2021 ilihamishiwa Wizara ya Ulinzi. Yaani ndoto ya gari iliacha lethi na milingi za kompyuta mahali palepale ambapo spana boi alikuwa akishika taa, na mwaka huo zikaingia mikononi mwa wanajeshi, ambao ndio waliolipia wazo hili tangu mwanzo kule Marekani.

Kizazi cha binamu kilipata mashine kwa mlango mwingine. Serikali ilikopa China, na kampuni ya AVIC International ikaleta vifaa kwenye taasisi za ufundi nchi nzima, zikiwemo lethi za kompyuta. Kuanzia 2014 kukawa na Africa Tech Challenge, mashindano ambayo vijana wa taasisi hizo hukereza vipuri kwa vipimo vikali, na zawadi kubwa ikawa mkataba wa kutengeneza vipuri vya kweli. Binamu alipita kwenye mlango huo wa taasisi. Alifunzwa lethi ya mihimili miwili, X na Z, na kwa mashine kama hiyo mtu makini anaweza kusoma msimbo kwa macho, akaona hatari kwa kichwa.

Mashine ya Industrial Area si hiyo. Ni ya mitumba kutoka Japani, ubongo wake ni Fanuc, na inakereza na kuchonga kwa pamoja. Kazi inazunguka kama kwenye lethi, kisha inasimama kwa pembe unayotaka, halafu kisu kinachozunguka kinakuja kuchonga mfereji ubavuni. Ina spindeli mbili zinazotazamana: ya kwanza ikimaliza upande mmoja, ya pili inasogea, inashika kipande kwa nyuma, kinakatwa, na upande wa pili unaendelea. Chuma kinaingia kibichi na kutoka kipuri kizima bila mkono wa mtu. Mazak wa Japani wamejijengea jina kwa mashine za aina hii, na WFL wa Linz, Austria, hawatengenezi kitu kingine.

Kwa binamu maana yake ni kwamba anaandika programu mbili zinazoenda kwa wakati mmoja ndani ya sanduku moja dogo. Ziko kama treni mbili kwenye reli ya njia moja: moja lazima isubiri stesheni mpaka nyingine ipite. Kwenye msimbo, stesheni hizo ni laini fupi za kusubiriana. Ukisahau moja, kila programu peke yake ni sahihi kabisa, laini kwa laini, na zikiwashwa pamoja tareti ya juu inakutana na spindeli ya pili ikija kushika kazi. Macho hayatoshi hapa. Hata kukata hewa hakutoshi vizuri, maana bila kipande ndani huoni kama ile spindeli ya pili imeshika kwa kina sawa.

Sasa turudi kwenye orodha ya programu, kwa sababu historia ilianza kunisaidia kufuta majina.

Nilifuta kwanza za bure. CAMotics ni nzuri na ni ya wazi, lakini ni ya mihimili mitatu ya milingi; ukiipa kazi yenye spindeli mbili haina hata pa kuiweka. NC Viewer inafunguka kwenye kivinjari na inachora mistari ya njia ya kisu, yaani ni ile karatasi na kalamu ya zamani imevaa nguo mpya. LinuxCNC, ambayo mizizi yake ni mradi wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, naiheshimu sana, na unaweza kuitengenezea mashine ya mfano ikacheza kwenye skrini. Lakini ni ubongo tofauti na Fanuc, na haiendeshi programu mbili zinazosubiriana. Ingekuwa kama kufanya mazoezi ya Kijaluo ili ukaongee Kikalenjin.

Fusion ya Autodesk ndiyo kila kijana anayoitaja, kwa sababu kulikuwa na wakati ilikupa karibu kila kitu bila senti. Halafu Oktoba 2020 leseni ya bure ikapunguzwa: kubadilisha visu kukaondolewa, mihimili ya ziada ikaondolewa, hata mwendo wa haraka wa kisu hewani ukafanywa polepole kama mwendo wa kukata. Ilikuwa haki yao, nyumba ni yao. Ila mtu anayejenga riziki juu ya kitu cha bure ni mpangaji ambaye hajawahi kuuliza kodi. Na leseni hiyo si ya biashara hata hivyo.

Ya kulipia je? Hapo nikakutana na swali ambalo nadhani ndilo swali lenyewe: programu inaiga nini hasa? Binamu hachori msimbo moja kwa moja kila mara. Anachora kipuri, programu ya kupanga njia inatoa njia ya kisu, kisha kijiprogramu kingine, ambacho mafundi wanakiita posti, kinaitafsiri njia hiyo kuwa msimbo wa Fanuc. Programu nyingi za kupanga njia zina uigaji ndani yake, wenye rangi nzuri, na muuzaji ataanza na huo. Lakini mara nyingi unaiga njia kabla ya kutafsiriwa. Ni sawa na kuhakiki barua ya Kiswahili kisha ukatuma tafsiri ya Kichina ambayo hujaisoma. Laini za kusubiriana, marekebisho ya urefu wa visu, ile laini moja unayoiongeza kwa mkono saa nne usiku kwa sababu posti huisahau, vyote hivyo vinaingia baadaye. Anayelipa hasara anahitaji kuhakiki kile kitakachofika kwenye mashine.

Hilo likabakisha wachache. Fanuc wenyewe wana CNC Guide, ubongo wa mashine ndani ya kompyuta, na Siemens wana vya kwao kwa mashine za Sinumerik. Zinajua lugha kuliko mtu yeyote, lakini nguvu yao ni kwenye hesabu na alama za hatari. Umbo la taya zako na unene wa kishikio chako si kazi yao kubwa. Wakabaki Vericut na NCSIMUL ya Wafaransa, ambazo zinasoma msimbo wa mwisho na kuusogezea mashine nzima. NCSIMUL ilinunuliwa na Hexagon 2018. CGTech ilinunuliwa na Sandvik 2021, mwaka ambao Sandvik walinunua pia Mastercam na GibbsCAM. Hexagon na Sandvik zote ni za Uswidi, na Sandvik ndio wanaouza visu vyenyewe. Sijui kama hilo ni baya. Nalitaja kwa sababu muuzaji atakwambia "sisi tuko huru," na sasa unajua pa kumuuliza.

Kuhusu nakala zilizovunjwa: binamu alikuwa na moja kwenye flashi, kila mtu anayo. Sikumpigia mahubiri. Nilimwonyesha tu kwamba mashine iliyokuja ndani yake ilikuwa na spindeli mbili, ndiyo, lakini si ile ya Industrial Area. Ingempa alama ya kijani kwa mashine ya mtu mwingine. Programu ya uigaji ni kasha tu; thamani iko kwenye faili la mashine yako wewe, na hilo flashi haina.

Kulikuwa na mambo mawili madogo ya hapa nyumbani. Moja ni stima. Agosti 25 mwaka 2023 nchi nzima ilizima, hata uwanja wa ndege, na Kabazi hatuhitaji nchi nzima ili tuzime. Leseni inayotaka mtandao kila asubuhi ni ya watu wa kwingine. La pili ni dola. Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia nusu ya pili ya mwaka huo ikawa karibu 129. Leseni ya kulipwa kila mwaka inamaanisha kila mwaka unacheza kamari hiyo upya.

Nilipofika hapo niliona kwamba tulikuwa tunauliza kwa niaba ya mtu asiyefaa. Kwa nini binamu ndiye anunue? Mashine si yake. Visu si vyake. Wakibadilisha taya Jumanne bila kumwambia, faili la mashine mezani kwake limekuwa uongo, na ukurasa wa nne haujali. Kwa hivyo karatasi niliyomwandikia haikuwa na jina moja la kununua. Ilisema: karakana inunue leseni ya Vericut au NCSIMUL, kwa muuzaji atakayekubali kujenga faili la mashine hii na kulipima kwa kipande cha kweli kabla ya malipo kukamilika. Leseni ikae kwenye kompyuta ya karakana, binamu aingie kutoka Kabazi. Kila programu iende na ripoti yake ya uigaji, ikiwa na tarehe. Na ikiwa ripoti ni safi na ajali itokee kwa sababu kitu kwenye mashine hakifanani na faili, hasara isiwe yake.

Mjomba alisomewa hiyo karatasi akauliza swali moja. "Na huyo wa kitufe cha kijani, yeye amesaini nini?" Hatukuwa tumefikiria. Tukaongeza kipengele: kabla ya kubonyeza, aliye kwenye mashine athibitishe visu na taya dhidi ya orodha, na jina lake liandikwe. Kwa nia ya kumlinda pia, maana ripoti safi bila jina la pili ingemwachia yeye lawama zote.

Karakana ilikubali leseni ya mwaka mmoja. Bei waliyopewa ni siri yao, na muuzaji pia nimewaachia. Kipengele cha ukurasa wa nne walikataa kukifuta. Waliongeza sentensi ya ripoti, na kuweka kiwango cha juu, malipo ya programu tatu. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele. Lakini kabla yake hapakuwa na kiwango.

Kisha kazi ya kuchosha ikaanza, ambayo hakuna brosha inayoionyesha. Michoro ya mtengenezaji inakuja na mashine tupu. Taya zilizokatwa upya na vishikio vya mitumba havimo. Binamu alipanda matatu hadi Nairobi na venia kaliba ya Mjomba, akakaa siku mbili anapima taya moja baada ya nyingine, urefu wa kila kishikio, na umbali wa tareti hadi spindeli ya pili ikiwa imesogea mwisho. Yule wa kitufe cha kijani alimshikia taa. Vipimo vyote viko kwenye daftari la Kasuku, kwa wino wa bluu, na mahali ambapo kipimo cha leo hakikulingana na cha jana kuna duara jekundu. Maduara ni saba, na wiki ijayo anarudi kuyapima tena.